Mdogo wangu anarisiti kidato cha nne akiwa nyumbani, video za bure zitamtosha?

Mkuu, umesema mdogo wako ana F ya Hisabati na D za Fizikia na Kemia, hela ya tuisheni haipo, na unauliza kama anaweza kurudia mtihani akijisomea kwa simu na video za bure. Wadau wamekutajia chaneli nyingi. Mimi nafundisha Fizikia na Hisabati shule ya kata, na jioni nakaa na vijana wanaorisiti, kwa hiyo nakujibu kwa ninayoyaona kwao. Anaweza. Ila asianzie YouTube.

Aanzie tovuti ya NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Tanzania. Watu wengi huingia pale siku ya matokeo, wakishaona namba yao wanatoka. Pale pana pasti pepa, na pana kitu ambacho wanafunzi wengi hawajawahi kukifungua: taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa. Kila somo lina taarifa yake. Wanalichukua swali moja moja, wanaeleza lilitaka nini, watahiniwa wangapi walifanya vizuri na wangapi walianguka, walianguka kwa sababu gani, halafu wanaweka na picha ya mwandiko wenyewe, wa aliyepatia na wa aliyekosea. Ni bure kabisa. Kijana akisoma pale akakuta kosa ambalo na yeye hulifanya, sasa anajua anatafuta video ya nini. Anatafuta mada moja, tena sehemu moja ya mada hiyo, wala hapotezi bando kwa video ya saa tatu inayodai kumaliza kitabu kizima.

Nalisisitiza hili kwa sababu nimeliona mara nyingi mno. Kijana anamwangalia mwalimu hodari akikokotoa, anaelewa kila mstari, anazima simu akiamini mada imeisha. Kesho yake mpe swali lile lile kwenye karatasi tupu, kalamu haisogei. Vijana wangu wana sharti moja: mwalimu wa kwenye video akimaliza kusoma swali, simamisha. Lifanye mwenyewe mpaka mwisho au mpaka ukwame, na ukikwama andika umekwamia wapi. Ndipo uendelee. Video ya dakika kumi itakula saa nzima, na ni sawa.

Kwa Hisabati, Khan Academy bado naiweka mbele. Salman Khan alianza mwaka 2004 kwa kumfundisha binamu yake aliyekuwa mji mwingine, baadaye akaanza kuweka masomo yale YouTube, na asili hiyo inaonekana hadi leo: huoni sura ya mtu, unaona mkono unaandika na unasikia sauti ya mtu anayekueleza wewe. Lakini usimwelekeze mdogo wako kwenye video peke yake, mwelekeze kwenye mazoezi yaliyo kwenye tovuti yao. Akikosea anaoneshwa hatua, kisha anapewa swali jingine la aina ile ile. Mwenye F arudi nyuma bila aibu: sehemu, namba hasi, kufungua mabano, kuhamisha herufi kwenye mlinganyo. Wengi ninaokaa nao huniambia hawajui trigonometria, na tukiikagua kazi yao hatua kwa hatua tunakuta trigonometria ipo, kilichowaangusha ni alama ya kutoa mbele ya mabano.

Kuna mada hatazipata kule, kwa sababu zile zimepangwa kwa mtaala wa Marekani. Mfano ni ile ya dunia kama tufe, ya kutafuta umbali kati ya miji miwili kwa latitudo na longitudo, ambako nyuzi moja ya duara kubwa ni maili 60 za majini. Hizo, pamoja na zile hesabu za mizania, atafute walimu wa Kitanzania. Wapo YouTube, wengine wana ubao wa kawaida na simu iliyoegeshwa tu, sauti inakwaruza, lakini wanafundisha kwa muhtasari wetu na wanachanganya Kiswahili na Kiingereza kama tunavyofanya darasani. Kwa mtoto aliyesoma msingi kwa Kiswahili, hilo lina uzito mkubwa. Utaratibu unaowafaa vijana wangu ni kuipata dhana kwanza kwa mwalimu wa hapa, kisha kwenda kule kwingine kwa ajili ya mazoezi na kuzoea maneno ya Kiingereza ambayo mtihani utayatumia. Notsi na vitabu vya kiada navyo vipo bure: Shule Direct wana notsi za sekondari, na Taasisi ya Elimu Tanzania wana maktaba mtandao.

Fizikia ndiyo inayowaumiza zaidi wanaosoma nyumbani, maana maabara hakuna. Hapa namwomba aijue PhET. Ni mradi wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mwanafizikia aliyepata Nobeli mwaka 2001. PhET si video, ni maabara ya kuchezea kwa kidole. Unavuta betri, waya, balbu na swichi, unaunga saketi, unaweka ammita na voltimita, na ukiziunga vibaya unaona. Nyingine zimetafsiriwa kwa Kiswahili. Faili lake unaweza kulipakua likafunguka kwenye kivinjari hata bando likiisha.

Afanye hivi na ile ya pendulamu. Aweke urefu wa mita 0.4, apime muda wa mbembeo mmoja kamili, aandike kwenye jedwali. Aongeze urefu kidogo kidogo hadi mita 1.0. Kisha achore grafu kwa mkono, kwenye karatasi ya grafu halisi, ya T² dhidi ya L, T ikiwa muda wa mbembeo mmoja na L urefu. Mteremko wa mstari ule ni 4π²/g, g ikiwa mchapuko wa mvutano wa dunia, kwa hiyo ukimtokea karibu na 4.0, g inakaribia 9.8, na amefanya jaribio lenyewe akiwa amekaa kitandani. Halafu abadili uzito wa kile kinachobembea aone kama muda unabadilika. Haubadiliki, na akishaliona kwa macho yake halimtoki. Mimi humpenda mwanafunzi anayefika hapo akauliza kwa nini.

Hata hivyo PhET haitamfundisha kuusoma mshale wa ammita kwa jicho lililonyooka, wala kukaza waya uliolegea. Mwezi au miwili kabla ya mtihani nenda naye kwa mkuu wa shule iliyo karibu, ikibidi kituo alichojisajili, muombe kijana aingie maabara siku chache na wanafunzi wao. Wakuu wengi husikiliza wakiombwa kwa adabu na mapema.

Kemia, akazane na moli kwanza, yaani kipimo cha kiasi cha dutu. Asiyeijua moli ataanguka kwenye titresheni, kwenye gesi na kwenye elektrolisisi, kwa hiyo awekeze nguvu pale hata wiki nzima. Historia na Uraia mimi nisingelilia bando: kitabu, pasti pepa, na kuandika insha mtu akazisahihisha.

Kuhusu bando, video za hesabu hazihitaji picha ya hali ya juu. Aweke 240p, maandishi ubaoni yatasomeka. Apakue mambo ya wiki nzima kwa mkupuo, lile la usiku ni nafuu, kisha mchana asome data ikiwa imezimwa. Hiyo ya kuzima data nimeona inasaidia kuliko ushauri wowote wa kuacha kuchati.

Aanze na taarifa ya Hisabati ya mwaka wa karibuni kabisa utakayoikuta. Akikwama popote, piga picha karatasi yake, hatua zote zionekane hata zilizofutwa, uiweke humu kwenye uzi. Tupo walimu kadhaa humu, tutaitazama.