Zuhura mwanangu, hii ADHD imetoka upande gani?

Zuhura mwanangu,

Voisi yako nimeisikiliza yote, nikairudia usiku baada ya isha manake mchana hapa nje bodaboda hazinyamazi. Umeniuliza kama hii ADHD, hii hali ya mtu kushindwa kutulia na kuwa makini, ambayo daktari amesema mwanao Swaleh anayo ni ya kurithi, na kama ni ya kurithi imetoka kwetu kama anavosema mavyaa wako ama kwa kina mumeo, alafu mwisho kabisa ukashusha sauti ukauliza na huyu aliye tumboni je. Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu utanikatiza, wajijua.

La kwanza jibu lake fupi. Ndiyo, inarithiwa, tena sana. Katika mambo yote ya tabia na akili ambayo wataalamu wameyapima, hii ni moja ya zile zinazotembea kwenye ukoo zaidi. Wamejuaje? Kwa mapacha. Wanachukua mapacha wa yai moja, ambao jeni zao, yaani vile vipande vya kurithi tunavyopewa na wazazi, ni karibu sawa zote, wanawalinganisha na mapacha wa mayai mawili, hawa wanashirikiana jeni kama ndugu wa kawaida tu, nusu hivi. Wote wamelelewa nyumba moja, wamekula sinia moja, wamefokewa na mama mmoja. Sasa kama ni malezi ndo yanaleta ADHD basi hao wa yai moja na hao wa mayai mawili wangetoka sawa, na hawatoki sawa, hao wa yai moja mmoja akiwa nayo mwenzake huwa nayo mara nyingi zaidi kuliko wale wengine. Tafiti 37 za aina hiyo zilikusanywa pamoja mwaka 2019 na wastani wa kurithiwa ukawa asilimia 74. Na kuna kingine, wazazi wanaolea mtoto wasiyemzaa mwenye ADHD hawaonyeshi hizo dalili sana wao wenyewe, lakini wazazi wa kuzaa wa watoto wenye ADHD, ukiwachunguza, unazikuta.

Sasa hiyo 74 najua utaisoma vibaya, nimefundisha bayolojia sekondari miaka mingi na kila darasa walikuwa wanaanguka hapo hapo. Haina maana kuwa mtoto wako wa pili ana nafasi 74 kwa 100 ya kuwa nayo. Wala haina maana kuwa ADHD ya Swaleh robo tatu imetoka kwa jeni na robo imetoka kwa simu. Inazungumzia kundi la watu, siyo mtu mmoja. Ukiwatazama watu wengi na kujiuliza kwa nini huyu anatulia na yule hatulii, basi sehemu kubwa ya hiyo tofauti kati yao inafuatana na tofauti za jeni zao. Ni hivo tu. Na hata mapacha wa yai moja, mmoja anaweza kuwa nayo na mwenzake asiwe nayo, kwa hiyo si kitu kinachoandikwa kikaisha.

Haya, upande gani. Hapa ndo nataka unisikilize vizuri kwa sababu nadhani hili swali lenyewe ndo linakunyima usingizi kuliko ugonjwa. Mavyaa wako anafikiri kuna jeni moja ya ADHD, imekaa mahali kwa watu wa kwetu, wewe ukaibeba ukaipeleka kwao kama mzigo. Hakuna jeni moja. Mwaka 2023 wanasayansi wakiongozwa na wale wa Denmark walilinganisha DNA ya watu 38,691 wenye ADHD na watu zaidi ya laki moja na themanini wasio nayo, wakapata sehemu 27 kwenye jenomu, yaani DNA yote ya mtu, ambazo zina uhusiano nayo, na 2019 walikuwa wamepata 12 tu, na bado wanasema nyingine nyingi zipo hazijaonekana. Na kila moja peke yake nguvu yake ni kidogo sana, karibu na bure. Ni kama michango ya harusi kwenye grupu la WhatsApp, huyu kaleta mia, huyu hamsini, yule mia mbili, hakuna hata mmoja anayeweza kusema harusi ni yangu, lakini ikijumlishwa watu wanakula biriani. Swaleh amechangiwa na nyinyi wawili. Labda wewe umetoa zaidi, labda mumeo, hakuna anayeweza kujua kwa kumtazama mtoto usoni, na hakuna testi ya damu ya kukwambia, ukiona mtu anakuuzia hiyo testi hapo Nairobi usitoe hela yako.

Na hilo la mavyaa wako kusema "kwetu hakuna mtu wa hivyo", ah. Hakuna ukoo pwani hii usiokuwa na mtu wa hivyo, tofauti ni kuwa alikuwa anaitwa jina lingine. Mtukutu. Ana kiherehere. Ana shetani, apelekwe akasomewe. Kwetu alikuwa mjombako Kassim, fundi wa injini za boti hodari kabisa, injini iliyowashinda watu wote yeye anaisikiliza tu anakwambia kinachoumwa, lakini amefungua karakana sijui ngapi na kila moja imekufa kwa sababu risiti hazijulikani ziko wapi na kodi ya banda imesahaulika. Shangazi yako mkubwa pia, ongea naye dakika mbili ushahama mada tano. Na mumeo, simsemi vibaya, ni kijana mwema na nampenda, lakini tangu nimjue hajawahi kumaliza kikombe cha chai kikiwa moto, anakiweka, anainuka kufanya kitu, anakisahau, anawekewa kingine. Sisemi ana ADHD, mimi si daktari. Nasema tu mavyaa asiape.

Kuna utafiti mmoja wa hapa hapa Kenya ninaupenda sana, nilikuwa nawapa wanafunzi waujadili. Kuna wafugaji wa Kaskazini wanaitwa Ariaal, upande wa Marsabit, watu waliochanganyika Samburu na Rendille. Baadhi yao walikuwa bado wanahamahama na mifugo na wengine walikuwa wameshatulia sehemu moja. Wataalamu wakawapima wanaume wa pande zote mbili jeni inayoitwa DRD4, inayohusika na dopamini, kemikali moja ya kwenye ubongo, ambayo toleo lake moja lilikuwa limehusishwa na ADHD. Matokeo yakachapishwa 2008. Kwa wale wanaohama, wenye hilo toleo walikuwa na miili yenye afya zaidi, wameshiba kuliko wenzao wasio nalo. Kwa wale waliotulia ikawa kinyume, wenye toleo lile lile ndo waliokonda zaidi. Jeni ile ile, kabila lile lile, maisha tofauti. Sasa usikimbie nayo, utafiti wenyewe ulikuwa wa watu wachache, haukuwapima ADHD yenyewe, na hiyo DRD4 tafiti kubwa za baadaye hazikuipa uzito ule iliokuwa nao zamani. Lakini mimi huwa namfikiria Swaleh kila nikiukumbuka, kwamba darasa la watoto hamsini wamekaa kimya toka saa mbili hadi saa kumi si mahali ambapo kila ubongo utapendeza.

Jambo lingine ambalo halisemwi, hao watu 38,691 niliokutajia karibu wote wana asili ya Ulaya. Sisi hatumo. Ndo maana nafurahi kuna huu utafiti wa NeuroDev, unafanywa na wenzetu wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, pale Kilifi pamoja na Cape Town, wanaangalia DNA za watoto wa Kiafrika wenye shida za ukuaji wa ubongo pamoja na za wazazi wao. Waafrika tuna tofauti nyingi zaidi za jeni kuliko watu wa bara lolote, kuna mengi bado yatatoka huku.

Sasa huyu wa tumboni. Sitakudanganya, ndugu wa mtoto mwenye ADHD nafasi yake ya kuwa nayo ni kubwa kuliko ya mtoto mwingine wa mtaani, mara kadhaa. Lakini wengi wao hawana. Yote mawili ni kweli kwa pamoja. Kila mtoto anachangiwa upya, hachukui mchango wa kaka yake. Na ukishajua mapema ndo faida yake, huyu ukiona dalili hutasubiri mpaka darasa la tatu mwalimu akuite.

Na acha kujitafuta makosa. Umeniuliza kama ni soda uliyokuwa ukinywa, kama ni katuni, kama ni kwa sababu ulirudi kazini mapema. Sukari haileti ADHD, hilo limepimwa na kupimwa. Katuni na simu zinaweza kumfanya mtoto awe mgumu zaidi lakini si chanzo. Vipo vitu nje ya jeni vinavyoongeza hatari, mtoto kuzaliwa njiti ama na uzito mdogo sana, dawa ya kifafa inayoitwa valproate mama akiitumia akiwa na mimba, na risasi, namaanisha madini ya risasi. Unakumbuka ile kesi ya Owino Uhuru pale Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu katikati ya makazi ya watu, 2020 mahakama ikawapa wakazi shilingi bilioni 1.3? Risasi ikiingia kwenye damu ya mtoto inaharibu ubongo na umakini ni moja ya vitu vinavyoguswa. Swaleh alizaliwa kwa miezi yake, kilo tatu na kitu, hamjakaa karibu na kiwanda chochote. Kwa hiyo tulia.

Sasa nikuguse wewe. Nina ripoti zako zote za shule kwenye lile sanduku la bati, na karibu kila muhula mwalimu ameandika kitu kile kile, ana akili, akili yake iko dirishani. Hukuwa unaruka juu ya meza kama Swaleh ndo maana hakuna aliyeshtuka. Wasichana wengi inakuwa hivo, hawasumbui mtu, wanapotea kimya kimya, na wengi wanagundulika wakiwa watu wazima baada ya mtoto wao kugundulika. Ukiniambia umelipa faini ya KPLC tena kwa sababu ulisahau bili ya umeme, ama umesoma ukurasa mmoja mara nne, mimi nasikia kitu. Kwa mtu wa miaka 17 kwenda juu madaktari wanatafuta dalili 5 badala ya 6 wanazotafuta kwa mtoto, ila lazima baadhi ziwe zilianza kabla ya miaka 12, na hizo ripoti zitasaidia hapo. Nitakuletea. Si lazima uende kesho, na ukiwa na mimba usianze dawa yoyote bila daktari wako wa kliniki kujua, lakini ukishajifungua nenda ukaangaliwe. Utamsaidia Swaleh zaidi ukijua na wewe uko wapi.

Na dawa ya Swaleh mnayoiogopa, kitu kuwa cha kurithi hakina maana hakitibiki. Watu wengi wanachanganya hapo, wanasikia "ni jeni" wanakata tamaa. Hiyo methylphenidate inatumika tangu miaka ya hamsini, jina lake la Ritalin lenyewe limetoka kwa Rita, mke wa yule mkemia aliyeitengeneza Uswisi 1944. Kuna watoto inawafaa sana na kuna wachache haiwafai, inapunguza hamu ya kula kwa wengi, kwa hiyo apewe chai nzito asubuhi kabla ya dozi na mumpime uzito. Daktari akisema mwanzo ni dozi ndogo, iwe ndogo, msiongeze kwa sababu mwalimu amelalamika wiki hiyo.

Daktari akikuita tena atakuuliza historia ya familia, tena kwa undani, nani aliacha shule, nani alikuwa hakai kazini, nani alikuwa na kifafa, nani alikuwa mlevi, manake hayo yote wanayaangalia pamoja. Upande wetu nimeshauandika kwenye karatasi, kuanzia kwa babu yako mzaa baba mpaka watoto wa Kassim, nimempa binamu yako anayekuja Nairobi Alhamisi akuletee pamoja na hizo ripoti na achari ya embe. Upande wa mumeo kamuulize wifi yako yule mkubwa wa Lamu, yeye anakumbuka kila mtu na hafichi. Mavyaa usimuulize, atakwambia wote walikuwa malaika.

Mamako