Krenki yangu imo kwenye mwito wa kurudisha. Je, niendelee kuendesha?

SWALI: Habari fundi. Miezi mitatu iliyopita nilinunua baiskeli ya mtumba Gikomba. Gia na krenki (mikono inayoshika pedali) zimeandikwa Shimano Ultegra. Jumapili mimi na wenzangu hupitia Ruaka tukapanda mlima hadi Banana. Juzi mmoja wao aliniambia Shimano, kampuni iliyozitengeneza, iliagiza krenki kama zangu zikaguliwe. Sina risiti, na aliyeniuzia hajui lolote. Isitoshe, nikisimama kwenye pedali mlimani nasikia mlio. Nifanye nini?
Msomaji, Kasarani

JIBU: Ndugu yangu, umefanya vyema kuuliza mapema. Jumapili hii usipande Banana na baiskeli hiyo. Iache nyumbani hadi uikague.

Mwenzako amesema kweli. Septemba 2023 Shimano ilitangaza ukaguzi wa krenki za Ultegra na Dura-Ace za gia 11 zilizotengenezwa kabla ya Julai 2019. Modeli zenyewe ni FC-6800, FC-R8000, FC-9000, FC-R9100 na FC-R9100-P. Marekani tangazo lilihusu krenki kama 680,000, likataja ripoti 4,519 za krenki kuachana, pamoja na watu sita walioumia, wengine wakivunjika mifupa.

Mkono wa krenki hizi ni mtupu ndani ili uwe mwepesi. Umeundwa kwa vipande viwili vya alumini vilivyoshikanishwa kwa gundi. Gundi ikianza kuachia, mshono hufunguka kidogo kidogo bila wewe kujua. Kisha siku moja umesimama kwenye pedali, uzito wote uko mguu mmoja, na mkono unaachana. Ndiyo maana naogopa mlima kuliko tambarare.

Sasa chukua kitambaa na tochi. Upande wa ndani wa mkono, karibu na pale pedali inapofungwa, futa grisi utaona herufi mbili ndogo. Ya kwanza ni mwaka: K ni 2012, L ni 2013, endelea hivyo hadi R ambayo ni 2019. Ya pili ni mwezi, A ikiwa Januari. Kwa hiyo NH ni Agosti 2015. Modeli yako ikiwa mojawapo ya nilizotaja, na herufi zikiwa kati ya KF na RF, krenki yako imo.

Kuwemo hakumaanishi imeharibika. Ioshe kwa sabuni, ikaushe, kisha mulika tochi kwa pembeni ukifuata mshono wa ndani taratibu, hasa upande wa cheni, pale mkono unapokutana na meno. Pitisha ukucha. Unatafuta mstari mwembamba kama unywele, au ukingo mmoja ulioinuka ukucha ukakwama. Ukiona dalili hiyo, usiendeshe hata kwenda dukani, ipeleke imebebwa. Na tafadhali usikubali mtu akupakie gundi ya epoksi. Nimeombwa kazi hiyo na nimekataa, kwa sababu gundi ya juu huficha ufa tu, na anayelipa ni mwendeshaji.

Kuhusu mlio, usihukumu mapema. Mara nyingi ni pedali iliyolegea, bearingi za chini ambamo krenki huzunguka, au nguzo ya kiti iliyokauka grisi. Zifungue, zipake grisi, uzikaze upya. Mlio ukibaki na herufi zimo kwenye orodha, peleka krenki kwa fundi aikague ikiwa imevuliwa.

Risiti isikukatishe tamaa. Mwito wa namna hii hufuata alama za kipuri, nazo unazo. Baiskeli zetu za mitumba hufika na kontena, lakini matangazo ya kule zilikouzwa mara ya kwanza hayafiki nazo. Piga picha ya modeli na herufi, ingia tovuti ya Shimano usome maagizo, kisha nenda kwa duka linalouza vipuri vyao. Jua pia kwamba kampuni iliahidi kubadilisha bure krenki zenye dalili za kuachana tu, si kila iliyomo. Binafsi sioni hilo linatosha: iliyofaulu ukaguzi leo inaweza kuachia mwakani. Ikague kila mwezi, na ukipata pesa, nunua nyingine.

Ikiwa duka litakuuzia kama kipya kipuri ambacho kampuni imekwisha kutaka kirudishwe, una pa kulalamika: Shirika la Viwango la Kenya (KEBS), au Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kulindwa afya na usalama wake.

Jambo moja zaidi, kwa kuwa mnaendesha wengi. Mwaka 2015 kampuni ya baiskeli ya Trek ilitoa mwito wa kurudisha baiskeli zake za breki za diski, za miaka 2000 hadi 2015, kwa sababu wenzo wa kufungulia gurudumu la mbele uliweza kufunguka kupita kiasi ukanasa kwenye diski. Mtu mmoja alipooza mikono na miguu. Kipimo chake ni rahisi: fungua wenzo wote, kisha jaribu kupitisha penseli kati yake na diski. Isipopita, wenzo huo ubadilishwe.

Na huyo mwenzako aliyekushtua, muulize kama ameshasoma herufi za krenki yake.