Barua kwa Mwanangu Kuhusu Ile Pontiac

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma, na mama yako kausoma. Unauliza kama ukiitoa Pontiac, lile gari letu la kale, kwa shirika la hisani utapata nafuu ya kodi yenye maana, au heri uiuze, pesa ndizo uzitoe. Una haki ya kuuliza. Pango la gereji unalipa wewe, na kadi ya gari ina jina lako tangu sisi tuliporudi Tanga tukakuachia huko Marekani.

La kodi nalimaliza upesi. Zamani mtu alitoa gari huko Marekani, akalikadiria thamani mwenyewe, akaikata kwenye mapato anayotozwa kodi. Sheria ya 2004 ikakomesha mchezo huo. Sasa, kwa gari la zaidi ya dola 500, shirika likilipiga mnada kama lilivyo, unachokata ni bei ya mnada tu. Ukiamini lina thamani ya dola 40,000 nalo likauzwa 9,000, utaandika 9,000. Tena uwe unaorodhesha makato yako moja moja, maana ukichukua lile kato la jumla, la kiwango kilichopangwa na serikali, hupati kitu. Thamani kamili ya soko utaidai pale tu shirika litakapolitumia gari kwa kazi yake lenyewe, au kulifanyia matengenezo makubwa, au kumpa mhitaji. Hayo wayaandike kwenye fomu ya kodi ya 1098-C, nawe, ikizidi dola 5,000, umlipe mthamini anayetambulika.

Basi, hilo nimelijibu. Mimi ninalotaka kujua ni nani atakayeliwasha.

Kwangu mimi sadaka ya gari ni gari linalonguruma. Nimelisema hilo mezani tangu mkiwa wadogo, na mjomba wako hapendi nikilisema, lakini nalisema tena.

Unamkumbuka yule mzee wa ng'ambo ya barabara, mliyemwita Babu wa Pipi. Nyinyi mlizijua pipi. Mimi nilimjua kama mtu aliyefanya kazi kiwandani Pontiac miaka yote ambayo magari yale yalikuwa yakitengenezwa. Ndiye aliyenieleza jinsi GTO, aina ya hii Pontiac yetu, ilivyozaliwa: wakubwa wa General Motors walikataza gari la ukubwa wa kati kutiwa injini inayozidi inchi 330 za ujazo, ndipo John DeLorean, mhandisi mkuu wa Pontiac, na wenzake wakaichukua injini ya inchi 389 ya gari kubwa, wakaiuza kama nyongeza anayoweza kuagiza mnunuzi wa Tempest LeMans ya 1964. Wakubwa walipokuja kushtuka, watu walikuwa wamekwishazipenda. Mzee alikuwa akilisimulia hilo akipiga paja, kana kwamba yeye ndiye aliyetia saini.

Alikuwa na magari mawili. Hii yetu, GTO ya 1966, na LeMans ya mkewe, ya paa la kukunja, ambayo tangu mkewe afariki hakuna aliyeiendesha ila yeye, Jumapili asubuhi. Alipolazwa hospitali, wanawe walipiga simu kwa shirika moja. Wale vijana si wabaya. Walidhani wanampunguzia baba yao mzigo, na kisha ni jambo la kheri. Lori la kuvuta magari likaja, LeMans ikaenda mnadani, akainunua mtu wa vipuri. Ikakatwa. Milango huku, injini kule. Risiti ilikuja kwa posta, na kiasi kilichoandikwa humo kisingetosha tairi nne.

Mzee aliporudi hakugombana na mtu. Alisimama kwenye gereji yake akitazama saruji. Nilikuwa pale, nilimpelekea chakula cha mama yako, na mpaka leo sijapata neno ambalo ningemwambia siku ile. Bado inaniuma, mwanangu. Gari lililokuwa likiwaka! Lilikwenda likiwa hai.

Wiki chache baadaye alikuja mnunuzi na pesa taslimu akiitaka GTO. Mzee akamkatalia, akaniuzia mimi kwa bei niliyoiweza, kwa sharti kwamba nijifunze kwanza kabureta zake, vile vifaa vinavyochanganya petroli na hewa. Unajua ziko tatu. Ya katikati ndiyo inayofanya kazi mwendo wa kawaida. Za pembeni zimefumba mpaka ukanyage mafuta kweli kweli. Zisipofumba sawasawa, injini inatetemeka ikiwa imesimama. Zisipofunguka pamoja, gari linajikwaa pale pale unapolihitaji. Kila Jumamosi ya kiangazi kile tulikuwa tumeinamia boneti, yeye akisikiliza tu, mimi nikirekebisha zile fimbo za kuunganisha kwa koleo. Siku aliyoridhika akaniambia nimchukue mama yako. Tukashuka Woodward Avenue, ile barabara kuu ya Detroit, jioni, barabara nyeupe, taa za kijani mbele yetu, nikakanyaga. Zile mbili zikafunguka! Mama yako akapiga kelele, kisha akacheka mpaka machozi, akasema rudia. Muulize.

Sasa najibishana mwenyewe. Shirika likiuza gari, pesa ile inanunua unga na maziwa kwa watoto wa watu. Mwenye njaa hali mngurumo. Hilo ni kweli na sina la kulipinga. Na gari lenyewe linakunywa petroli kwa pupa, halina mifuko ya hewa, huwezi kumpa mama mwenye watoto wadogo aende nalo kazini majira ya theluji. Ukiuza mwenyewe kwa bei yake halisi na ukatoa pesa, masikini atapata zaidi kuliko kwa mnada. Hesabu inasema hivyo.

Lakini kuna vyuo vya ufundi vinavyofundisha vijana magari ya kale, na kijana aliyekulia kwenye kompyuta za magari ya leo akishika kabureta tatu atajua injini inavyopumua. Chuo cha hisani kikilitumia kufundishia ni matumizi yake chenyewe, na hapo hata wale wa kodi wanakuelewa. Sadaka ya gari ni gari linalonguruma. Sisemi upeleke huko. Nilimwahidi mama yako kwamba uamuzi ni wako, naye amekaa hapa anatazama ninachoandika.

Ila yeyote atakayelitaka, muulize atalifanyia nini, na akujibu kwa maandishi. Usitie saini kadi ukaacha nafasi ya jina la mpokeaji wazi, na namba za gari zishughulikie kama jimbo lako linavyotaka kabla halijaondoka. Halafu asije na lori la kuvuta. Aje na mtu anayejua gia ya mkono, aliwashe mbele yako, aondoke akiliendesha.

Niandikie kabla ya baridi kuanza. Na hiyo betri, ichaji.

Baba yako