Kwa anayeanza kuchora makanisa

Ukianza kazi kwenye ofisi ya wasanifu majengo hapa Moshi, kanisa litakufikia mapema kuliko ghorofa. Wazee wa kamati ya ujenzi watakuja na picha kwenye simu: mnara mrefu, vioo vya rangi. Usikimbilie kompyuta. Waulize kwanza fedha zinaingiaje. Utasikia mavuno, harambee, ahadi, na Desemba ndugu wa Dar wakipanda nyumbani. Basi jua unachora jengo litakalokwama mara kadhaa, na watu watasali humo humo.

Ndiyo maana nawasisitizia vijana wamsome Otto Bartning, Mjerumani aliyezaliwa 1883. Kanisa lake la Peggau, Austria, lilisimama 1906 naye bado mwanafunzi. Mwaka 1928 akajenga la chuma na vioo kwa ajili ya maonyesho ya Köln. Ila mimi narudia kazi zake za baada ya Vita Kuu ya Pili. Miji ilikuwa vifusi, washarika hawana kitu. Akabuni fremu za mbao zilizotengenezwa karakana na kuletwa tayari kuunganishwa, kwa misaada ya makanisa ya nje. Usharika ulitoa kiwanja, ukachimba msingi na kupandisha kuta, mara nyingi kwa mawe na tofali zilizookotwa kwenye magofu. La Pforzheim lilikamilika 1948, na kwa jumla yalijengwa zaidi ya 40.

Tazama ujanja wake: paa lina nguzo zake, haliungojei ukuta. Kwetu ni kolamu (nguzo) na kenchi (fremu za paa) kwanza, bati juu, kuta zifuate mfuko. Gharama ya awamu ya mwanzo itakuwa nono, kwa hiyo kamati ielezwe kabla haijatangaza michango.

Mengine utayaona kwenye ibada tu. Pima mlango kwa jeneza, ukikumbuka kwamba wabebaji wako pande zote mbili. Msiba mmoja nilikuta nguzo hatua chache kutoka mlangoni. Vijana wakalazimika kuliinamisha ili wapinde, mama mmoja akapiga yowe. Masika nayo, bati lisilo na dari humnyamazisha mchungaji yeyote, hata mwenye spika kubwa. Kwaya uliza ziko ngapi (haiwi moja kamwe) na zinakaa wapi zikisubiri zamu.

Na mnara? Wachoree, wataufurahia. Msingi wake tu uutenge na wa kanisa, waujenge watakapoweza.