Kabla hujalipia kitabu cha kuombea MBA, angalia mwaka wake

Juzi saa 5 usiku kijana mmoja wa Buzuruga, hapa Mwanza, alinitumia ujumbe: "Shikamoo dada. Nimepata kitabu cha kujiandaa na maombi ya MBA pale Makoroboi, jamaa kaniachia kwa elfu 30. Ni toleo la 2019. Kinatosha au nitafute kingine?" Akaambatisha na picha ya jalada, kidole gumba chake kimeziba nusu. (MBA, kwa msiojua, ni shahada ya uzamili ya uongozi wa biashara.)

Marahaba mdogo wangu. Nilitaka kukujibu kwa mistari miwili tu. Lakini wewe ni wa nne kuniuliza swali hilo tangu niweke picha ya barua ya udahili kwenye status, na mimi nikisikia habari ya toleo la 2019 roho inanipaa, kwa sababu kitabu cha namna hiyo kilinilia miezi saba. Kwa hiyo kaa kitako.

Mwaka 2023 nilikuwa mhasibu kwenye kiwanda kimoja cha minofu ya sangara hapa Mwanza. Siku moja wakaja wageni kutoka kwa wanunuzi wa Ulaya, miongoni mwao kijana wa rika langu. Alisimama mbele, akachora mishale yake ubaoni, akatueleza kwa dakika 20 jinsi tunavyopoteza hela kwenye barafu. Yote aliyosema nilikuwa nimeshayaandika kwenye ripoti ya mwezi, tena mara tatu, na hakuna aliyeisoma. Yeye wakubwa walimsikiliza hadi wakasahau chai. Baadaye nikamuuliza amesomea nini. "MBA," akasema, kama mtu anayetaja kituo cha daladala.

Jioni hiyohiyo nikapita Makoroboi. Kitabu kilikuwa kinene kama tofali, jina la mwenyewe wa kwanza limekwanguliwa kwa wembe. Elfu 25. Nusu ya kwanza ilihusu GMAT, mtihani ambao vyuo vingi vya biashara huupokea kwa waombaji wa MBA. Nusu ya pili ilikuwa na insha, barua za mapendekezo, mahojiano, na mifano mingi ya insha za watu waliochaguliwa kwenye vyuo vikubwa. Nilikipenda mno. Nikawa naamka saa 10 alfajiri, napiga msuli hadi saa 12, ndipo nioge niende kazini. Miezi hiyo sitakusimulia, hakuna cha kusimulia. Ni pembetatu, duara, pembetatu, kisha sentensi za Kiingereza za kutafuta kosa. Kitu pekee kilichochangamsha kitabu kile ni mama mdogo wangu, ambaye anauza dagaa Mwaloni pale Kirumba na hana daftari. Daftari lake ni mimi. Akipiga simu alfajiri kunitajia magunia na bei, naandika palipo karibu, na palipo karibu ni ndani ya jalada la mwisho.

Februari 2024 nikaingia mtandaoni kujisajili. Mtihani niliousomea ulikuwa umeshakufa.

Sikutanii. Mtihani mpya ulianza Novemba 2023, wa zamani ukafungwa mwisho wa Januari 2024, na mimi nilikuwa nimejifungia chumbani na pembetatu zangu. Jiometri imeondolewa. Kusahihisha sentensi kumeondolewa. Insha ya uchambuzi nayo imeondolewa. Sasa ni maswali 64 kwa saa 2 na dakika 15: ya hesabu 21, ya lugha 23, na 20 ya kusoma majedwali, grafu na taarifa zilizochanganywa, kila sehemu dakika 45. Sehemu hiyo ya tatu kitabu changu kilikuwa kimeigusa kwa kurasa chache huku nyuma, kama nyongeza. Halafu kitabu kilikuwa kimenihubiria kwamba ukishabofya jibu umeshabofya, hakuna kurudi. Sasa unarudi, na unaweza kubadilisha hadi majibu 3 katika kila sehemu.

Hata alama si zilezile. Zamani zilianzia 200 hadi 800. Za sasa ni 205 hadi 805 na zote zinaishia na 5, kwa hiyo mtu akikuambia amepata 700 kamili mwaka huu, mpongeze kisha ushike pochi yako. Kitabu kiliniambia lengo ni 700. Hakikuweza kujua kwamba 645 ya mtihani mpya iko usawa mmoja na 700 ile. Nikapata 615, nikajiona nimedisko maisha. Mtihani unaweza kuufanyia nyumbani kwa intaneti, lakini mimi umeme wa mtaani kwetu siuamini kwa saa mbili mfululizo, hivyo nilikuwa nimeufuata Dar, zaidi ya kilomita 1,100 kwa basi. Wakati wa kurudi nililia kutoka Mbezi hadi Morogoro. Mama aliyekaa pembeni yangu alidhani nimefiwa, akanipa ndizi.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni hapana, hakitoshi. Nunua toleo linalosema wazi kuwa ni la mtihani wa sasa, na kabla ya kununua chochote ingia kwenye tovuti ya watunga mtihani wenyewe. Wanatoa majaribio mawili kamili bila malipo. Bando la wiki moja lingeniokolea miezi saba. Angalia mwaka wa kitabu. Nitarudia tena hapo chini, maana najua hamsikii.

Sasa nusu ya pili ya kitabu, ambayo ndiyo iliyoniumiza zaidi, na ambayo haina toleo jipya la kuiponya.

Nilidesa. Mnajua kudesa, wote tumepita chuo. Nilichukua mifano ya insha za waliochaguliwa, nikatoa benki ya New York nikaweka kiwanda cha samaki, nikatoa mto nikaweka ziwa. Kitabu kilisema insha ya kushindwa, ile ya kueleza jambo ulilowahi kushindwa, ichague kosa dogo lenye mwisho mzuri, basi nikaandika habari za mfumo wa hesabu uliochelewa wiki mbili kwa sababu eti najali sana ubora. Bosi wangu nilipomwomba barua ya mapendekezo akajibu bila kuinua macho, "Andika mwenyewe, nitasaini." Nikaiandika. Nakiri hadharani. Barua ikawa na maneno yaleyale ya insha, kwa sababu kichwa kilikuwa kimoja na desa lilikuwa moja. Vyuo hupokea maombi kwa awamu, basi Septemba 2024 nikaomba vyuo vitatu katika awamu ya kwanza. Desemba vyote vitatu vikanikataa, hata mahojiano sikuitwa.

Kimoja kati ya hivyo nilikuwa nimeshakihamia kichwani. Nilijua njia ya kutoka bwenini hadi maktaba. Mpaka leo, usingizi ukigoma, naingia kwenye tovuti yao kuangalia picha. Nina barua ya chuo kingine mkononi na bado naangalia.

Wiki ile ya kukataliwa nikaenda Mwaloni kwa mama mdogo. Tukakaa kwenye magunia tunachambua dagaa, nikamtafsiria ile insha ya kushindwa, nadhani nilitaka anionee huruma.

"Huyo ni nani?" akauliza.

"Si ni mimi, mama."

"Ulishindwa wapi hapo?" Akapuliza vumbi la dagaa kwenye ungo. "Kushindwa ni zile laki tano na nusu za wenzangu."

Nikanyamaza. Hadithi hiyo hatukuwa tumeitaja tangu 2021.

Kama wewe ni wa ziwa hili unajua kuwa dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukikomaa, taa hazivuti kitu, mitumbwi inakaa, dagaa wanaadimika na bei inapanda. Mwaka 2021, ndiyo kwanza nimepata kazi, nikaliweka jambo hilo kwenye kompyuta, nikachora grafu, nikajiona nimegundua dhahabu. Nikawashawishi wanawake 11 wa kikundi cha mama mdogo watoe elfu 50 kila mmoja. Tununue wakati wa giza, tuhifadhi, tuuze kwenye mbalamwezi. Hakuna hata mmoja kati yao ambaye hakuwa akijua habari ya mbalamwezi tangu kabla sijazaliwa. Mmoja wao, mama mtu mzima, aliniuliza kwa upole, "Na mvua je, mwanangu?" Ilikuwa Aprili. Mimi nikamjibu kwa grafu.

Mvua ikanyesha siku tatu. Dagaa walikuwa hawajakauka sawasawa, tukawajaza hivyohivyo kwenye magunia kwa sababu ratiba yangu ilisema hivyo. Mbalamwezi ilipofika walikuwa na ukungu. Tukawauza chakula cha kuku, hata nusu ya hela haikurudi. Nikalipa kidogokidogo kutoka kwenye mshahara, miezi minane. Kumi walipokea. Yule mama aliyeuliza habari ya mvua alikataa kupokea hela yangu, na tangu siku hiyo hajaitikia salamu yangu.

Usiku ule niliandika hadi alfajiri, kitabu nimekifungia kabatini chini ya mashuka. Awamu ya pili ilikuwa inafungwa mapema Januari, nikawa na wiki tatu, sikukuu zikiwa humohumo. Niliandika kila kitu, hata grafu, hata kwamba huyo mama hanisalimii. Sikuweka mwisho mzuri kwa sababu haupo. Barua ya mapendekezo nikaiomba kwa dada mmoja aliyewahi kunisimamia kabla hajahama, nikakaa naye saa nzima kumkumbusha tuliyopitia, kisha nikaondoka akaandika mwenyewe alichotaka. Sijaisoma hadi leo.

Nikaomba vyuo viwili. Kimoja kikakataa. Kingine kikaniita kwenye mahojiano ya dakika 30, na kwa dakika 20 kati ya hizo yule mzungu aliniuliza habari za mwezi na dagaa. Aliuliza kwa nini sikumsikiliza yule mama. Nikamwambia, kwa sababu nilikuwa na kompyuta na yeye hakuwa nayo. Akaandika kitu. Mwishoni mwa Machi barua ikaja, na ufadhili wa nusu ada.

Sasa vijana wenzangu wa Mwanza, nisikilizeni. Mna hadithi ambazo mtu wa kule hawezi hata kuzitunga, halafu mnaandika kama mmezaliwa kwenye ghorofa za New York. Chuo cha Stanford cha Marekani kwa miaka mingi kimewauliza waombaji ni jambo gani lina maana zaidi kwao, na kwa nini. Swali fupi hivyo. Mnadhani wanataka mwaka wa 20 kusoma jibu la kitabuni? Wanaosoma maombi hayo wana vitabu vyote mlivyonavyo. Acheni kudesa. Nasema kama mtu aliyedesa.

Mengine madogomadogo, nisije nikaambiwa nimewasimulia maisha tu. GPA yenu, yaani wastani wa alama za chuo, ni ya 5.0, ya Wamarekani ni ya 4.0, kwa hiyo ukisoma kwamba wastani wao ni 3.6 usijilinganishe, na usiibadilishe mwenyewe kwa kikokotoo. Iandike kama ilivyo kwenye cheti, na ipimwe kwa 5.0. Kuhusu saa za mwisho, ukiona saa 6 mchana ya Boston, Marekani, mwezi Januari, hapa ni saa 2 usiku, ila Septemba ni saa 1 usiku kwa sababu wenzetu husogeza saa zao. Na fomu ikisema 12:00, jamani, hiyo si saa kumi na mbili. Sitaeleza nimejuaje. Barua za mapendekezo waombe watu miezi miwili kabla. Na mwaka wa kitabu, angalia mwaka.

Nimebakiza jambo moja na wewe wa Buzuruga. Nimeikuza ile picha yako. Jalada limekunjika kona ya chini kushoto, kama langu lilivyokunjika. Mwezi Aprili, furaha imenijaa, nilikirudisha kitabu changu kwa yule jamaa wa Makoroboi akaninunua kwa elfu 8, wala sikumwambia kwamba mtihani wa humo haupo tena. Hebu fungua ndani ya jalada la mwisho. Ukikuta magunia ya dagaa na bei zake kwa penseli, nitumie namba yako ya M-Pesa, elfu 8 narudisha. Hiyo 22 iliyobaki kamdai jamaa.