Re: Maoni ya watu yanabadilisha kitu kweli?
Mkuu, umeuliza kama maoni ya watu yana nguvu au wanasiasa wanajifanyia tu wanavyotaka. Yana nguvu sana, ila yanaenda polepole. Cheki sigara, zamani mtu anawasha hadi ndani ya ndege, mtoto yuko pembeni anakohoa na hakuna anayesema kitu, halafu taratibu watu wakaanza kukunja sura, mvutaji mwenyewe anaona aibu anatoka nje, ikafika 2004 Ireland ikapiga marufuku kuvuta ndani ya sehemu za kazi mpaka baa, nchi nyingi zikafuata. Shida ni ukimya aisee! Wengi wanaona jambo baya ila kila mmoja anadhani yuko peke yake, basi mwanasiasa anawasikia wachache wenye kelele na sheria inapita hivyo hivyo, hiyo inaniuma sana.