Meno ya brauni, niweke vinia?

SWALI: Shikamoo dokta, mi nimekulia Arusha kule chini ya Mlima Meru, meno yangu ya mbele yana brauni toka utotoni na nikicheka naziba mdomo, sasa Desemba naolewa, hizi vinia zinafaa au ntang'olewa meno?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hung'olewi. Hiyo brauni ni floraidi nyingi ya maji mliyokunywa wakati meno yanaumbika, sio uchafu, usijisugue na mkaa! Vinia ni ganda jembamba linagandishwa mbele ya jino, ila mara nyingi lazima jino liparuliwe kama nusu milimita na likishaparuliwa halioti tena, yaani ukianza umeanza. Za kauri zinaweza kufika miaka 10 hadi 15, za rezini (aina ya plastiki) bei nafuu ila zinashika rangi ya chai mapema. Mi ningekwambia anza na kung'arishwa kwa dawa pamoja na kusuguliwa juu juu kwa daktari, wengi inawatosha. Kama unasaga meno usiku mwambie kabla, vinia zinaweza kupasuka. Na rangi chagua ya kawaida bwana, sio nyeupe pee kama vigae vya bafuni.